Twaa Ufuta, Twaa Sukari Guru

Kila Januari, aghalabu tarehe 14, jua linapoingia buruji ya Jadi, Wahindu wa Maharashtra, magharibi mwa India, husherehekea Makar Sankranti. Watu hutembeleana wakiwa na kisahani cha vidonge vya ufuta vilivyoshikanishwa kwa sukari guru. Mwenye kisahani humtilia mwenzake kidonge kiganjani, kisha humwambia kwa Kimarathi: Tilgul ghya, god god bola. Yaani, twaa ufuta na sukari guru, useme maneno matamu matamu. Neno god ndilo tamu, na wao wamelirudia mara mbili kama sisi tunavyofanya tukitaka jambo likolee.

Ukiisikia methali hii juujuu utaidhani salamu ya sikukuu tu. Mimi naiona fundisho zito kuhusu ulimi, na uzito wake unaanzia jikoni.

Ufuta hukaangwa mkavu kwenye moto mdogo, ukigeuzwa bila kuachwa, mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Ukipitiliza kidogo tu, unakuwa mchungu. Sukari guru huyeyushwa kando na samli kidogo, na mpishi hudondosha tone lake kwenye bakuli la maji baridi. Likiganda likawa gumu, limeiva. Hapo hakuna kusubiri: ufuta humiminwa humo, na mikono iliyopakwa samli hufinyanga vidonge vingali moto, kwa sababu vikipoa havishikani tena. Vidole huungua. Aliyewahi kupika kashata za ufuta huku pwani kwetu anaijua kazi hiyo.

Sasa tazama neno moja. Katika Kisanskriti, na Kimarathi kimelirithi, sneha ni mafuta, na sneha hiyohiyo ni upendo. Ufuta ni mbegu ya mafuta. Kwa hiyo kilichotiwa kiganjani ni upendo kwanza, na utamu umekuja kuushikanisha usitawanyike. Anayesema maneno matamu yasiyo na sneha ndani yake amegawa sukari guru tupu. Hiyo huyeyuka ulimini, na baada ya muda mdomo hubaki mkavu kuliko mwanzo. Kila mmoja wetu amewahi kusifiwa na mtu asiyemjali, na anaijua ladha yake.

Aliyelichimba jambo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Dnyaneshwar, mtakatifu na mshairi wa Maharashtra. Mwaka 1290, akiwa bado kijana, alikamilisha ufafanuzi wa Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, kwa Kimarathi, lugha ya mkulima na mfumaji, wakati elimu ya dini ilikuwa imefungiwa ndani ya Kisanskriti. Ufafanuzi huo huitwa Dnyaneshwari. Katika sura ya 13 anafika kwenye neno ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, na hapo hana haraka. Anaeleza namna mtu wa ahimsa anavyotembea, anavyotazama, na anavyosema. Kuhusu kusema, anatuonyesha mtu ambaye sneha hutiririka mbele na herufi zikafuata nyuma. Huruma hufika kwanza, neno likaja baadaye. Tena mtu huyo huona afadhali anyamaze kuliko kumshtua yeyote.

Nimelitafakari sana suala hili la kutangulia na kufuata. Sisi sote tumefundishwa kufikiri kabla ya kusema, na ni mafunzo mema. Lakini mtu anaweza kufikiri usiku kucha, na alfajiri akaibuka na neno kali kuliko yote aliyoyajua, limenolewa vizuri kwa ajili ya jirani yake. Fikra haikumzuia, ndiyo iliyomnolea. Dnyaneshwar anadai kitu kingine kitangulie, na kitu hicho hakitengenezwi kinywani.

Methali zetu zinajua hatari ya ulimi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, tunasema, na hapo tunaogopa kuteleza. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, tunasema pia, na hapo tunasifu nguvu ya neno jema. Ila nyoka aliyetolewa pangoni kwa maneno mazuri hana hakika kama nje hakuna fimbo inayomngoja. Methali ya ufuta hutoa kabla ya kuomba. Twaa, kisha sema. Anayetaka kusikia maneno mema lazima kwanza aweke kitu kiganjani mwa mwenzake, hata kama ni yule waliyekosana naye tangu mwaka jana. Na kidonge chenyewe si laini. Aliyepewa hawezi kujibu papo hapo. Lazima atafune kwanza.

Bhagavad Gita yenyewe, sura ya 17, inataja tapas ya namna tatu: ya mwili, ya ulimi na ya moyo. Tapas ni mazoezi makali ya kiroho, na asili ya neno hilo ni joto, kuungua. Tapas ya ulimi ni neno lisilomtia mtu fadhaa, tena la kweli, la kupendeza na la manufaa, pamoja na kuyakariri maandiko. Sifa hizo zote zinatakiwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana likaitwa zoezi. Kusema kweli na kumwumiza mtu ni rahisi, na kumpendeza kwa uongo ni rahisi zaidi. Kushikanisha kweli na wema kabla havijapoa, hapo ndipo vidole vinapoungua.

Mapokeo ya Maharashtra yana kisa kinacholionyesha zoezi hilo. Dnyaneshwar na ndugu zake watatu walitengwa na Wabrahmani, tabaka la makuhani, wa mji wa Alandi kwa sababu baba yao, aliyekwisha kuukana ulimwengu na kuwa mtawa, alirudi kwa mkewe na kuzaa. Siku moja Dnyaneshwar alitukanwa njiani. Akarudi nyumbani, akaingia kibandani, akavuta mlango wa mianzi, akanyamaza. Mdogo wao wa mwisho, msichana aitwaye Muktabai, akasimama nje. Hakumwambia kwamba hakuonewa. Hakuwatukana waliomtukana kaka yake ili kumfariji, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Alimkumbusha kaka yake yeye ni nani: dunia ikiwaka moto, mtakatifu huwa maji. Akamsihi afungue. Mashairi anayosimuliwa kuyasema pale mlangoni yangali yakiimbwa mpaka leo, na kaka alifungua.

Hapa sina budi kuweka onyo, kwa kuwa methali ya ufuta yaweza kupindwa. Mwenye nguvu hupenda kumwambia mnyonge aseme kwa utamu. Chokhamela, mshairi wa karne ya 14, alikuwa wa tabaka la Mahar, watu walioitwa najisi. Alimpenda Vitthal, Mungu wa mji wa Pandharpur, lakini hakuruhusiwa kuingia hekaluni mwake. Katika nyimbo zake anamuuliza Mungu kwa uchungu kwa nini alimzaa hivyo. Nani mwenye haki ya kumwambia Chokhamela apunguze uchungu? Alikufa ukuta ulipowaangukia wajenzi huko Mangalvedha. Mapokeo yanasema rafiki yake Namdev aliitambua mifupa yake kati ya mingine kwa kuitegea sikio: ilikuwa bado ikilitaja jina la Vitthal. Alizikwa chini ya ngazi za hekalu, nje ya mlango.

Mlango ule ulibaki umefungwa kwa watu wa tabaka lake kwa karne nyingi. Mwezi Mei 1947 mwandishi Sane Guruji, aliyejulikana Maharashtra nzima kwa moyo laini na kwa kitabu alichokiandika juu ya mama yake, alifunga kula pale Pandharpur akidai ufunguliwe. Aliwapinga wenye hekalu, na silaha aliyoichagua ilikuwa mwili wake mwenyewe. Kama kuna mtu aliyeonyesha kwamba neno tamu si neno la woga, ni huyu. Mlango ulifunguliwa.

Siku hizi, katika msimu wa mvua, mahujaji hutembea kwa miguu wiki tatu hivi kutoka Alandi mpaka Pandharpur, wakiimba. Njiani hawaitani kwa jina wala kwa tabaka. Anayetaka kupita humwambia aliye mbele yake mauli, yaani mama, na ndilo jina wanalomwita Dnyaneshwar mwenyewe. Mzee humwita kijana mauli. Aliyekanyagwa humgeukia aliyemkanyaga na kumwita mauli. Wakifika hekaluni, kabla ya kupanda ngazi, wengi huinama kwenye kaburi la Chokhamela. Msongamano pale ni mkubwa, na mabega hugongana. Mauli, mauli, wanasema, wakipishana.