KIJANA, NANI ANAKUPIMA?

Rafiki yangu kijana, simama kidogo! Usiitupe karatasi hii kabla hujajibu swali moja. Leo asubuhi ulipofumbua macho, ulianza na nini? Ulimwamkia mama, au ulishika simu kuona ni wangapi wameipenda picha yako ya jana?

Usione aibu. Hata mimi yamenikuta. Jioni moja niliweka picha mtandaoni, nikakaa nahesabu. Watu 20. Watu 31. Mwanangu akaniita, "Baba!" Nikamwambia, subiri. Akaita tena. Subiri! Mara ya tatu hakuita. Kuinua macho, kumbe amelala kwenye mkeka, daftari liko wazi. Alitaka kunionyesha vema alizopata shuleni. Watu 31 wameniona mimi, na mmoja aliyenihitaji sikumwona!

Je, unadhani mambo haya yanatokea bure? La! Facebook waliweka kile kitufe cha kupenda mwaka 2009. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alikiri wazi kwamba walijua wanachezea udhaifu wa akili ya mwanadamu. Unapewa raha kidogo ili urudi tena, na tena, mpaka wakule muda wako wote. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa pale wao wanauza matangazo. Wewe unanunua bando, wao wanauza macho yako!

Sikiliza na hili. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, alitoa nje karatasi zao za siri. Uchunguzi wao wenyewe ulionyesha kwamba kati ya wasichana waliokuwa wakijiona vibaya kwa sababu ya maumbo yao, 32 katika kila 100 walisema Instagram inawazidishia uchungu huo. Na Instagram ni mali ya kampuni hiyohiyo.

Sasa nakuuliza. Sokoni, mama yako akijua mzani umechezewa, atanunua hapo? Hanunui! Basi wewe, mbona unaupanda mzani wa namna hiyo kila siku, tena unalia ukiambiwa umepungua?

Utasema, "Lakini simu inanisaidia, napata wateja, naongea na ndugu." Kweli kabisa. Sikuambii uitupe. Nauliza tu: wewe umeishika simu, au simu imekushika wewe?

Thamani yako ilikuwepo kabla hujapigwa picha hata moja. Mama aliyekubeba miezi tisa hakungoja watu wakupende kwanza. Na Mungu aliyekuumba hakumwomba mtu kura.

Jaribu leo. Usiku simu ilale chumba kingine, au hata kabatini. Asubuhi msalimie mtu kwanza. Ukiweka picha, usirudi kuhesabu mpaka kesho yake. Moyo ukikuwasha, ukahangaika huku na huku, hapo ndipo utajua kwamba kumbe ulikuwa umefungwa kamba.

Usiseme nitaanza kesho. Hapo nyumbani kwenu kuna mtu ameshakuita mara mbili. Itika sasa, kabla hajanyamaza!