Aliyeacha Mamilioni Akashika Jembe

Wiki hii tuna swali ambalo wengi huliuliza chini kwa chini: mtu akishapewa kazi nzuri, kazi aliyoiombea hata akafunga, je, anaweza kuiacha bila kumkosea aliyempa?

Kuna Mmarekani anaitwa Jason Brown. Alicheza futiboli ya kwao, ile ya kuvaa helmeti na kugongana, si soka yetu. Timu ya Baltimore Ravens ilimchukua mwaka 2005. Mwaka 2009 akahamia St. Louis Rams kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 37.5. Wakati huo hakuna wa nafasi yake aliyelipwa zaidi. Nafasi yenyewe huitwa senta. Huyo huinama mbele ya wenzake akiwa na mpira, anaupitisha katikati ya miguu yake kumpa aliye nyuma, halafu anagongwa. Wanaoshangiliwa ni wale wengine.

Kakake mkubwa alikuwa mwanajeshi, akauawa Iraq mwaka 2003, akiwa na miaka 27. Jason naye alipofika umri huo, tayari ana jumba na pesa, alianza kujilinganisha na yule ndugu. Yule alitoa uhai wake. Yeye je, ametoa nini?

Mwaka 2012 Rams walimwachilia. Timu nyingine zilimtaka, lakini akakataa. Wakala wake akamwambia anafanya kosa kubwa kuliko yote. Jason akanunua shamba la eka kama 1,000 karibu na Louisburg, North Carolina, jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu. Na kulima hakujua! Alijifunza kwa kutazama video za YouTube na kuuliza wakulima. Shamba akaliita First Fruits Farm, yaani Shamba la Malimbuko. Mwaka 2014 viazi vitamu vya kwanza, zaidi ya pauni 100,000, karibu tani 45 hivi, vilitolewa bure kwa wenye njaa.

Sasa najua kuna mtu anasema, ah, huyo si alikuwa na pesa kwa benki? Ni kweli, na hilo tusilipite mbio. Mama anayeuza sukuma wiki akitoa shilingi mia moja kwa sadaka, ametoa kushinda Jason. Yule mjane wa senti mbili alishatufunza kupima hivyo. Kwa hivyo tukimsifu kwa sababu ya dola, tumekosa mahali pa kumsifia.

Mimi naona alichotoa ni kingine. Alikuwa bingwa, akakubali kuwa mwanafunzi. Mtu wa miaka ishirini na tisa, mwili bado una nguvu za kuuzwa kwa bei ghali, anauliza mkulima jinsi ya kupanda viazi. Pesa zinaweza kurudi. Miaka ya mchezaji hairudi, na yeye alijua.

Tena kuna hili la malimbuko. Wengi wetu hutoa kilichobaki: shati limechakaa, maharagwe yameanza kuingia wadudu. Yeye alianza na mavuno ya kwanza, kabla hajajua kama mwaka ujao kutakuwa na mengine. Mkulima yeyote anajua hofu ya hapo.

Lakini ndugu yangu unayetaka kuandika barua ya kuacha kazi Jumatatu kwa sababu umesoma ukurasa huu, ngoja kwanza. Jason alikuwa na akiba ya kununua shamba. Mke wake ni daktari wa meno. Watoto hawakulala njaa ili baba aitwe mtu wa imani. Ukiacha kazi halafu mzigo wote ukamwangukia mama watoto, ambaye hata hukumuuliza, huo wito ni wa nani? Kuna waliosema wamesikia sauti, na mwenye nyumba alipokuja mwisho wa mwezi, sauti ikanyamaza.

Huenda wewe hujaitwa kuacha chochote. Huenda ni hiyo hiyo kazi, na mshahara huo huo, ila swali ni nani anayekula kwanza ukishaupokea. Kule Louisburg, wakati wa kuvuna, watu wa kujitolea huja shambani, wanainama kwenye matuta na kujaza magunia ya watu ambao hawatawahi kukutana nao.