Mtoto Ajapo na Jina Lake

Kila mwaka, shule zifunguliwapo huko Butembo na Beni, watoto wadogo huingia darasani kwa mara ya kwanza. Mwalimu amwuliza mmoja wao: «Jina lako nani?» Naye ajibu: «Kambale.» Neno hilo moja lasema mengi. Kwa desturi ya Wanande, Kambale ni mwana wa pili wa kiume wa mama yake. Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Kabla ya kujua kusoma, mtoto huyo ajua mahali pake katika jamaa.

Kisha aonyeshwa picha, naye aieleza kwa Kinande, lugha ya mamaye. Mwalimu akimkemea, na wenzake wakimcheka, atafanya nini? Atanyamaza. Watu watasema: «Ana adabu.» Lakini kimya cha adabu si kimya cha haya. Mtoto aliyenyamazishwa hivyo amejifunza kwamba nyumba ya mama yake ni kitu cha kufichwa.

Je, hilo ni kosa? Wengine wasema: «Mtoto sharti ajue Kiswahili na Kifaransa.» Ni kweli, na ajifunze kwa bidii. Lakini mjenzi hang'oi msingi ili apandishe ukuta. Hata sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha.

Wengine wasema: «Mambo ya nyumbani ni ya kipagani.» Yaachwe yale yaliyo kinyume cha amri za Mungu, kama vile uchawi na kisasi. Bali jina na lugha si dhambi. Ubatizo huondoa dhambi, hauondoi ukoo.

Wakristo wa Kongo waliuonja uchungu huo kwa upande mwingine. Mwaka 1972 Serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Basi, watu walionyimwa jina la Ubatizo watawezaje kumwonea haya mtoto kwa jina la nyumbani kwake?

Maandiko Matakatifu yaonyesha njia. Mungu alimwita Samweli angali mtoto, tena kwa jina lake. Eli, kuhani mzee, alipotambua hayo, hakumdharau. Alimfundisha namna ya kujibu. Asubuhi akamwuliza ameambiwa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, ingawa maneno yale yalikuwa hukumu juu ya nyumba yake Eli mwenyewe.

Mzazi na mwalimu wa dini na wafanye vivyo hivyo. Kambale akiuliza, ajibiwe. Akitaka kusali, aanze kwa maneno aliyo nayo. Siku ya Ubatizo atapewa jina la Mtakatifu, nalo litakaa karibu na lile la kwanza, wala hayatagombana. Maana Mungu, aliyemjua tumboni mwa mama yake, hakungoja shule ifunguliwe ndipo ampende.