Shule ya Kompyuta na Wajibu wa Mwalimu wa Lugha

Kila chuo kikuu kinapotunga mpango wa miaka ijayo, huandika orodha mbili zinazopendwa sana na wakubwa: orodha ya nguvu zake na orodha ya fursa zake. Katika shule ya kompyuta orodha hizo hujaa upesi. Huhesabiwa mashine, maabara, wahadhiri wenye shahada za juu, wanafunzi wanaogombea nafasi, na makampuni yanayowasubiri wahitimu. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Lakini sisi walimu wa lugha tumezoea kuuliza maana ya neno kabla ya kulitumia. Yafaa basi tuulize: nguvu ni nini, na fursa ni ya nani?

Fahali ana nguvu, lakini nguvu zake huwa faida pale tu panapokuwa na jembe, na shamba, na mtu ajuaye atakachopanda. Uwezo ni kitu kimoja, na kusudi ni kitu kingine. Fursa nayo ni mfano wa mlango ulio wazi. Mlango haumsukumi mtu kuingia, wala haumwulizi anayeingia kama ni mwenye nyumba au ni mwizi. Kwa hiyo maneno haya mawili, ambayo katika mipango huonekana kuwa ya hesabu tu, kwa hakika ni maneno ya maadili.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi hapa Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1985 ilianzishwa humo Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta, ambayo baadaye ilikua ikawa kitivo, na hatimaye koleji kamili ya kompyuta na taaluma za habari. Katika hatua hiyo ya mwisho iliunganishwa na shule ya ukutubi iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Muungano huo wa wenye kukokotoa na wenye kutunza una hekima ndani yake. Wazee walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kompyuta isiyokuwa na kumbukumbu zilizopangwa vizuri haina cha kukokotoa, na kumbukumbu zisizoweza kutafutwa ni sawa na kuwa hazipo.

Sasa tutazame kazi mbili za wasomi wa koleji hiyo. Ya kwanza ni ya mihogo. Zao hili huliwa na mamilioni ya watu wetu, nalo hushambuliwa na maradhi kama batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wa Makerere, wakishirikiana na wataalamu wa mazao wa Namulonge, walikusanya picha za majani ya mihogo, na kila picha ikatiwa jina la ugonjwa wake na mtu anayeujua ugonjwa huo. Zaidi ya picha 21,000 za aina hiyo zilitolewa mwaka 2020 ili watu popote duniani washindane kuifundisha kompyuta kuyatambua maradhi hayo. Lengo ni kwamba mkulima aelekeze simu yake kwenye jani, apate kujua kinacholiumiza. Kazi ya pili ni ya hewa. Tangu mwaka 2015 wasomi wa hapo wamekuwa wakiunda vipimo vya hewa chafu vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, na baadhi ya vipimo hivyo vilifungwa kwenye bodaboda zinazozunguka Kampala.

Je, ni nguvu gani iliyoonekana hapo? Haikuwa wingi wa mashine, maana vyuo vya Ulaya na Marekani vinazo nyingi zaidi. Ni nguvu ya ujirani na shida. Aliyekula muhogo tangu utotoni, na aliyevuta vumbi la barabara zetu, huuliza swali ambalo mtu wa mbali halimjii. Mcheza kwao hutunzwa. Tunathubutu kusema kuwa shule ya kompyuta iliyo katika nchi maskini haikosi nguvu kwa kukosa vyombo. Hukosa nguvu inapojitenga na watu wake.

Na miongoni mwa mali zote walizo nazo watu wetu, lugha ndiyo iliyo kubwa. Watafiti wa Makerere wameliona jambo hili. Wamekusanya maandishi na sauti za Luganda, Runyankore-Rukiga, Acholi, Lumasaaba na Kiswahili, ili mashine zipate kuzisikia na kuziandika lugha hizi. Hapa ndipo kazi yao inapoingia katika darasa letu.

Mashine ya lugha haijui sarufi kama tunavyoijua sisi. Husoma maneno mengi mno, kisha hukisia ni neno gani lifuate neno gani. Sasa mpe neno moja tu la kwetu: hatukuwapikia. Ndani yake mna ukanusho, mna watendaji, mna wakati uliopita, mna watendewa, mna mzizi wa kupika, na mna kauli ya kutendea. Chombo kilichoundwa kwa kutazama lugha ambayo kila jambo lina neno lake peke yake kitaliona hilo kama gogo moja lisilopasuka. Mwanafunzi wetu wa kidato cha pili anajua kulipasua. Tena, lugha yetu husema “yeye ni daktari” bila kutaja mume wala mke. Mashine za kutafsiri zimewahi kuonekana zikiongeza jambo ambalo msemaji hakulisema, daktari akafanywa mwanamume na muuguzi akafanywa mwanamke. Hilo ni kosa la tafsiri, na ni kosa la haki pia.

Liko jambo zito zaidi kwetu wa Uganda. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa hapa kwa amri kuwa lugha ya taifa, na mwaka 2005 kikawekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini wananchi wengi walikwisha kukisikia kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, kikitamkwa kwa ukali na watu wenye bunduki. Wapo wazazi ambao hata leo hawakipendi kwa sababu hiyo. Mashine nayo hujifunza kutoka kinywani mwa anayesema nayo. Tukiiachia yaliyookotwa ovyo tu, itakijua Kiswahili cha amri na cha matangazo. Tukiipa ngano, barua, mafumbo, mazungumzo ya sokoni na ushairi, itakijua Kiswahili cha watu. Atakayechagua ni nani, ikiwa si mwalimu?

Hata hivyo, hatuna budi kulikabili swali gumu. Sauti na picha hizi zikikusanywa, mara nyingi huachwa wazi ili kila mtu azitumie bure. Mwanafunzi wa Gulu au Mbale hunufaika, naye hakutozwa hata senti. Lakini kampuni tajiri iliyo ng'ambo hunufaika vilevile, na huenda ikaturudishia sauti zetu wenyewe kwa bei. Je, ni haki? Wengine husema tufunge ghala. Sisi hatukubaliani nao, kwa kuwa lugha iliyofungiwa hufa njaa ndani ya ghala lake. Lakini pia hatusemi kwamba kufungua mlango kunatosha. Anayefungua ghala kwa wote, hali wenye magari ndio pekee wanaoweza kulifikia, hajawatendea haki wanaotembea kwa miguu. Wajibu wa shule ya kompyuta, kwa maoni yetu, ni kuifupisha njia: kuhakikisha kwamba waliotoa sauti zao waliulizwa, wanajua zinatumika kwa nini, na watoto wao wanafundishwa kuzitumia mapema, sio baada ya wageni.

Wapo watakaosema kuwa kompyuta ni ya Kiingereza, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anajipeleka asikoalikwa. Tunawajibu kuwa Kiingereza ni lugha ya wengi waliotangulia kuitengeneza kompyuta, wala si sheria ya maumbile yake. Katika kilima kile kile cha Makerere, Kiswahili hufundishwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye maabara za kompyuta. Umbali uliobaki ni wa mazoea tu.

Basi tufanye nini? Tusingoje mwaliko. Wanafunzi wetu wakusanye methali na hadithi za wazee wao, kwa idhini yao, waziandike kwa tahajia sanifu na kutaja mahali zilikotoka. Tuwafundishe uchanganuzi wa vitenzi kwa bidii, tukiwaeleza kuwa ujuzi huo una kazi nje ya chumba cha mtihani. Na wenzetu wa kompyuta wanapotujia kutafuta sentensi, tusiwape sentensi tu. Tuwaulize zinakwenda wapi na zitamsaidia nani.

Nguvu ya shule ya kompyuta itapimwa kwa swali hilo. Ikiwa mama anayeuza mihogo Soroti ataweza siku moja kuuliza jambo kwa lugha yake, akaeleweka, na akajibiwa kwa heshima, tutasema kuwa shule hiyo ina nguvu, hata kama mashine zake ni chache. Na kama hataweza, orodha ndefu ya vyombo haitatuthibitishia lolote.