Gharika na Udhuru

Nchi ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, ni tambarare, na Mto Songwe hufurika wakati wa masika. Mtu akichimba choo kando ya kisima cha umma, kisha gharika ikachanganya uchafu na maji ya kunywa, ana hatia? Kwa jinai huenda akaokoka, maana sheria ya adhabu ya Tanzania humtafuta achafuaye maji kwa hiari yake. Fidia ni jambo jingine. Katika shauri la Rylands na Fletcher, Uingereza, mwaka 1868, iliamuliwa kwamba awekaye kitu cha hatari katika ardhi yake hulipa kikitoroka, hata asipozembea. Udhuru mmojawapo ni kudura ya Mungu. Nauheshimu palipo na ajabu. Lakini mto urudio masika hadi masika si ajabu, wala Mungu hakuulizwa mahali pa choo. Mchimbaji alikiona kisima, aliujua mto, akachimba.