Nani Hulipia Mapumziko ya Mchungaji?

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema baba yangu mzazi, na kwetu mtoto hamsemi baba yake hadharani. Lakini kuna swali limenikaa kichwani tangu mwaka 2016, nikiwa kidato cha pili. Nimejaribu kulitungia hadithi mara tatu, na mara zote tatu hadithi imefia ukurasa wa kumi. Basi leo naliandika lilivyo: mtu aliyejitoa kuwatumikia watu, ana haki ya kuzima simu?

Tunaishi Mbagala, katika nyumba ya usharika, ukuta kwa ukuta na kanisa. Nyumba ya namna hiyo haina mlango. Yaani mlango upo, tena wa mbao nzito, ila haufungwi. Asubuhi anakuja mtu wa barua ya utambulisho, mchana wachumba waliogombana, usiku msiba. Zamani, wazee wetu walimfuata mchungaji kwa miguu. Ukitaka kumwamsha usiku wa manane ilibidi uvae, uwashe taa, upite makaburini, uogope mbwa wa watu. Njia yenyewe ilikuwa kichujio. Neno dogo lilifia njiani, neno zito ndilo lililofika. Simu ikaja ikaondoa mbwa na makaburi. Kubipu ni bure! Baba alikuwa anabipiwa saa nane usiku na mtu anayetaka tu kujua kama mazoezi ya kwaya ni saa kumi au saa kumi na moja. Halafu ikaja simu janja na makundi ya WhatsApp: la wazee wa kanisa, la kwaya, la vijana, la akina mama, la kamati ya ujenzi. Hili la ujenzi, jamani, halilali.

Sisemi kwamba teknolojia ni dhambi. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba Walutheri walikuwa na redio yao Addis Ababa tangu mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977. Na mwaka 2020, makanisa ya Kenya yalipofungwa kwa ajili ya korona, wachungaji wengi wa huko waliwafikia waumini wao kwa simu. Lakini redio ilikuwa inasema tu. Ukiizima, mhubiri zake amelala wala hajui. Simu inaita, na anayeitwa akinyamaza, kunyamaza kwake nako kunakuwa jibu.

Kilichomgeuza baba ni mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka mitano. Alikuwa anacheza baba na mama na watoto wa jirani, yeye akawa baba. Akachukua kandambili, akaiweka sikioni, akatoka nje anaongea peke yake, hakurudi tena mchezoni. Baba alikuwa anachungulia dirishani. Wiki ile ile akauza simu janja, akanunua kitochi, na akatangaza kanisani kwamba Jumatatu, ambayo kwa wachungaji wengi wa kwetu ndiyo siku ya kupumzika, simu yake itakuwa imezimwa mpaka Jumanne alfajiri. Watu wakaguna. Nyumbani akatuambia, "Wanangu, mimi sikuitwa niwe mnara wa simu. Nikiwa na vitu vichache, vinavyoniita vitakuwa vichache."

Sasa nikwambie ukweli: zile Jumatatu nilizipenda mno. Baba alinifundisha bao chini ya mwembe. Likizo ikifika tulipanda pantoni kwenda Kigamboni, sote wanne, baba amevaa kaptura! Nilikuwa sijawahi kuyaona magoti ya baba yangu.

Jumatatu moja ya likizo hiyo tulirudi jioni tumechoka kwa furaha, na usiku, kwenye taa, nikamfunga baba bao kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Usiku huohuo, huko Kongowe, mama mmoja wa kwaya alikuwa na mumewe mgonjwa. Hali ikabadilika ghafla. Mgonjwa akaomba Chakula cha Bwana. Mama yule hakuweza kumwacha peke yake aje mpaka kwetu, akapiga simu. Akapiga mara kumi na moja. Alfajiri mume akafariki.

Baba alipowasha kitochi, ujumbe uliingia mfululizo, kikatetemeka juu ya meza mpaka kikaanguka chini. Akaondoka bila kunywa chai, nikamfuata. Tulipofika, yule mama hakupiga kelele, hakulia. Alisema tu, "Mchungaji, nilikupigia."

Nimejiuliza mara nyingi: alipokuwa anapiga mara ya saba au ya nane, mimi nilikuwa nafanya nini? Huenda nilikuwa nacheka, nahesabu kete nilizomla baba.

Baada ya mazishi usharika uligawanyika. Wengine walisema mchungaji ni kama daktari. Lakini daktari ana zamu, bwana, akitoka yeye anaingia mwenzake! Wengine walimtetea, wakataja amri ya Sabato, ambayo sisi Walutheri tunaihesabu ya tatu. Baba mwenyewe alisimama kwenye Marko sura ya sita, pale Yesu anapowaambia wanafunzi waende faragha wakapumzike kidogo. Nami, kwa ukaidi wa kidato cha pili, nikasoma mistari inayofuata. Watu waliwaona wakiondoka kwa mashua, wakakimbia kwa miguu, wakafika ng'ambo kabla yao. Na Yesu aliposhuka hakuwaambia leo ni Jumatatu. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha. Nilimwonyesha baba. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huyo ni Yesu, mwanangu. Mimi nina watoto."

Jibu hilo halikuniridhisha, na mpaka leo sijapata la kulipinga.

Aliyenifumbua macho ni mama. Siku moja anapepeta mchele, Jumatatu hiyohiyo ya mapumziko, akaniuliza kama nimewahi kuwahesabu wanaopumzishwa na ile amri katika Kutoka ishirini. Nikahesabu: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, mgeni aliye malangoni mwako. "Mke yuko wapi?" akauliza. Hayumo! Wataalamu watasema mke amo ndani ya lile "wewe", na pengine ni kweli. Lakini kapu la mchele lilikuwa mikononi mwa mama, wala si mikononi mwa wataalamu. Siku ya mapumziko sisi wengine tulikula vizuri zaidi, kwa hiyo yeye alipika zaidi.

Hapo nikaona kwamba swali langu nililiuliza vibaya. Haki ya kupumzika baba alikuwa nayo. Ila pumziko halitoki hewani, kuna mtu analilipia. La baba lililipwa na mama jikoni, na usiku ule lililipwa na mjane wa Kongowe, ambaye hakuna aliyemwuliza kama anayo ya kulipia. Hata Musa, mkwewe Yethro alipomwona amekaa anawaamua watu toka asubuhi hadi jioni, hakumwambia azime. Alimwambia achague watu wengine, wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Baba alirahisisha maisha yake bila kumkabidhi mtu yeyote mzigo alioutua. Nilimwambia hivyo nilipomaliza kidato cha nne, mwaka 2018, natetemeka. Hakukasirika. Alinisukumia kitochi mezani. "Haya, baba. Jumatatu kitakuwa chako. Kukiwa na mgonjwa mahututi, niamshe. Mengine jibu wewe."

Tangu siku hiyo Jumatatu ugali anasonga baba, wenye madonge, na mama anakaa barazani amenyoosha miguu. Riwaya yangu haiendi, maana Jumatatu ndiyo siku niliyokuwa naiandikia, na sasa kila nikishika kalamu kitochi kinalia. Mtu anauliza namba ya kutumia sadaka. Mtu anauliza saa ya ubatizo. Mwanzoni niliona uchungu. Bado naona, nisikudanganye.

Jumatatu iliyopita, saa tatu usiku, alipiga yule mama wa kwaya. Sauti yake niliijua palepale. "Mchungaji amepumzika?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, lakini nimwamshe? "Hapana, mwache alale. Siumwi." Akanyamaza. Kisha akasema nyumba ni kimya sana mvua ikinyesha, basi nimsimulie tu chochote. Nikamsimulia hadithi ninayoiandika, ile iliyokwama ukurasa wa kumi. Tulipofika ukurasa wa nane salio lake likaisha.

Nikampigia mimi.