Kung'arisha Saa na Kuficha Aibu Yake



Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu, kwa hiyo kijana wa Kiislamu anayetamani saa ya thamani mara nyingi huishia kwenye saa ya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ni kigumu, lakini mlango wa gari, ukingo wa dawati na funguo za mfukoni huacha alama. Baada ya miaka miwili mng'aro wa dukani umekwisha. Hapo mwenyewe hununua kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, akaketi hosteli na kuanza kusugua. Je, katika jambo dogo kama hili kuna swali la dini? Lipo, nalo hujitokeza siku anapotaka kuiuza.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Wengi hudhani kwamba dawa hujaza mkwaruzo. Sivyo. Mkwaruzo ni upungufu, ni mfereji mdogo kwenye chuma. Dawa ina chembechembe ngumu ambazo hula chuma cha pembeni mpaka kilingane na sehemu ya chini ya mfereji ule. Kwa hiyo kila unapong'arisha, saa inapungua. Ukirudia mara nyingi, kingo zake kali huwa butu na pembe zinazoshika mkanda hukonda. Zile sehemu zenye mistari myembamba ya kiwandani, ukizisugua kwa kitambaa hicho, mistari hufutika. Wakusanyaji wa saa wanalijua hili, na wengi wao huipenda zaidi saa yenye mikwaruzo ambayo haijaguswa kuliko ile iliyong'arishwa.

Kufuta vumbi na jasho ni jambo jingine. Uchafu si sehemu ya saa; ukiuondoa, unaionyesha saa kama ilivyo. Na ukiing'arisha kwa ajili ya kuivaa mwenyewe, ni mali yako, hakuna wa kukulaumu. Tatizo huanza unaposugua Alhamisi ili Ijumaa uitangaze kwamba ni "kama mpya", ukanyamaza.

Sheria yetu ililizungumza jambo hili kabla saa za mkononi hazijakuwepo. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Tazama: maziwa yale ni ya kweli, wala hakuna neno la uongo lililotamkwa. Hata hivyo mnunuzi alipewa hiari ya kumrudisha mnyama. Na katika Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani. Muuzaji akaeleza kwamba kilinyeshewa. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kukiweka kikavu juu na kibichi chini, ndipo Mtume (s.a.w.) akajitenga na mwenye kudanganya. Vivyo hivyo, kukwaruzika kwa saa si dhambi ya mtu.

Atasema mtu: mnunuzi ana macho, na hakuniuliza. Basi ajiulize swali moja. Je, mnunuzi angelipa bei ileile kama angejua? Kama angelipa, kumwambia hakukugharimu kitu. Kama asingelipa, ile tofauti ya bei umeipata kwa kunyamaza kwako, na hiyo ndiyo pesa unayokwenda nayo nyumbani.

Tirmidhi amepokea hadithi kwamba mja akitenda dhambi, doa jeusi huwekwa moyoni mwake, na akitubu moyo hung'arishwa. Moyo haupungui kwa kung'arishwa huko, kwa sababu doa limekuja juu yake kama uchafu juu ya saa. Lakini haki ya mtu mwingine inafanana zaidi na mkwaruzo: kuna kitu kimeondoka mahali pake. Hakirudi kwa sisi kusugua upande wetu kwa istighfari peke yake. Wanazuoni wameweka sharti kwamba toba ya haki za watu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe, au asamehe. Aliyekwisha kuuza kwa kunyamaza bado ana kazi: amtafute mnunuzi, amweleze, na ampe hiari ya kurudisha saa au kupunguziwa bei.

Na anayetaka kuuza kesho, aseme waziwazi: "Saa hii nimeing'arisha mara mbili, na pembe hizi zimepungua kidogo." Huenda bei ikashuka. Kitakachobaki mfukoni ni halali, na mwenzake ataivaa saa akijua alichonunua.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika biashara zetu, kubwa na ndogo. Amin.